Mchoraji Aliyepita Zungomero

Ukisimama Kigurunyembe alfajiri, kabla jua halijapanda, Milima ya Uluguru huonekana kama ukuta mmoja wa buluu. Jua likianza kupanda, ukuta ule hugawanyika. Mabonde hujitokeza, kisha mashamba ya matuta, kisha mapaa ya mabati na moshi wa jikoni. Ikifika saa nne ukungu hurudi, na vyote vikafunikwa tena. Nimeitazama milima hii kwa zaidi ya miaka sabini, lakini hata leo nikiambiwa niichore bila kuitazama sijui nianzie wapi. Nasema hivyo mapema ili msomaji asidhani anasoma maneno ya mtaalamu wa sanaa. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Somo langu lilikuwa historia, na ninaandika juu ya mchoraji kwa sababu ya kosa nililolitenda darasani, ambalo mchoraji huyo alinisaidia kuliona baada ya miaka mingi.

Mchoraji mwenyewe ni James Augustus Grant. Wengi wetu tuliolisikia jina lake shuleni tulilisikia likiwa limefungwa pamoja na la mwenzake, kama ng'ombe wawili wa jembe moja: Speke na Grant. Tulifundishwa kwamba Speke alitafuta chanzo cha mto Naili na kwamba Grant alikuwa naye. Basi. Wapo pia wanaolijua jina lake kwa ajili ya mnyama, yule swala mkubwa wa mbugani aitwaye swala granti. Lakini ni wachache walioambiwa kwamba mtu huyu alikuwa na kisanduku cha rangi, na kwamba sura ya nchi hizi iliyowafikia Waingereza wa zamani zile kupitia kitabu cha Speke ilianza mkononi mwake.

Alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 huko Nairn, mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alisoma Aberdeen, kisha mwaka 1846 akaingia katika jeshi la Waingereza huko India. Alipigana katika vita dhidi ya Masingasinga mwaka 1848 na 1849, na katika maasi makubwa ya mwaka 1857 alijeruhiwa kwenye mapigano ya Lucknow. Huko India ndiko alikofahamiana na John Hanning Speke, askari mwenzake na mwindaji mwenzake. Speke alipopewa kazi ya kurudi Afrika kuthibitisha habari za ziwa lile kubwa, alimchagua Grant kuwa mwenzi wake. Hakumchagua kwa sababu ya kuchora. Alimchagua kwa sababu alimwamini.

Kwa hiyo yafaa tuseme wazi kwamba Grant hakuwa mchoraji wa kazi. Ukitaka Mskoti wa karne ile aliyekula kwa brashi yake, mtazame David Roberts, mwana wa fundi viatu wa Edinburgh, aliyezaliwa mwaka 1796. Roberts alianza kwa kupaka rangi nyumba, akaendelea kwa kuchora mapazia ya jukwaa la michezo ya kuigiza, na mwaka 1838 na 1839 akasafiri Misri na Palestina. Picha zake za mahekalu ya Misri zilichapwa zikamletea sifa kubwa. Ni picha nzuri sana, sibishi. Lakini ukizitazama kwa muda utaona jambo moja. Jiwe ndilo bwana wa picha. Mtu yupo chini ya nguzo, mdogo kama sisimizi, amevaa kilemba, amewekwa pale ili tuujue urefu wa nguzo. Ukimwondoa, hekalu halipungukiwi na kitu isipokuwa kipimo.

Grant alifika kwenye mto uo huo wa Roberts miaka zaidi ya ishirini baadaye, akitokea upande wa pili, kwa miguu. Huku alikopita hapakuwa na mahekalu ya mawe ya kumtawala mchoraji. Palikuwa na watu, ng'ombe, nyumba za nyasi, mimea, na vilima. Hapo ndipo jaribio la mchoraji lilipokuwa: ukiondolewa nguzo kubwa, utamwangalia mtu kwa namna gani?

Msafara uliondoka Zanzibar tarehe 25 Septemba 1860, na mwanzoni mwa Oktoba ukaianza njia kutoka Bagamoyo. Ulikuwa na watu zaidi ya mia moja: wapagazi, askari wa Sultani, askari kutoka Afrika Kusini, na waungwana wa Unguja waliokuwa wakiongozwa na Sidi Mubarak Bombay. Ulipita Uzaramo, ukaufuata mto Ruvu ambao sehemu zile waliuita Kingani, ukaingia nchi ya Wakutu hadi Zungomero. Msomaji wa Morogoro asidhani Zungomero ni mahali pa mbali. Ni huku kwetu, kusini ya Uluguru, kwenye maji ya Mgeta, upande wa Kisaki na Duthumi. Enzi hizo palikuwa kituo kikubwa cha misafara. Burton na Speke walikuwa wamepita hapo mwaka 1857, na Burton alipaeleza kama mahali pa mvua na homa. Biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha kuvivuruga vijiji vya sehemu zile. Kwa hiyo macho ya Grant yalipoanza kuizoea bara, milima ya kwanza mikubwa aliyokutana nayo ilikuwa hii yetu, na watu wa kwanza wa bara aliowaona walikuwa watu waliojifunza kukimbia waonapo msafara.

Sasa kuna jambo ambalo Speke amelieleza katika kitabu chake, nami naliona ni la maana kuliko linavyochukuliwa. Katika mgawanyo wa kazi za safari, Grant alipewa kukusanya mimea, kuandika vipimo vya joto na mvua, na kupiga picha kwa kamera. Naam, walikuwa na kamera mwaka 1860, na Grant aliitumia Unguja, ambako alipiga picha hata ya soko la watumwa. Lakini kamera ya siku zile haikuwa kitu cha kutoa mfukoni. Ilihitaji vioo, dawa, na hema la giza la kufanyia kazi, na ndani ya hema lile joto lilikuwa la kuua. Baada ya muda Speke aliona kazi ile ni nzito mno kwa hali ya hewa yetu, akavirudisha vyombo vile pwani. Badala yake Grant akajaribu kuchora kwa rangi za maji.

Nimelifikiria sana jambo hili. Joto la nchi hii lilimnyang'anya kamera na kumpa brashi. Kamera ya wakati ule nayo ilitaka mtu atulie, lakini ilimtaka atulie kwa ajili ya mashine. Brashi humtaka mchoraji mwenyewe atulie. Hawezi kuchora kiganja cha mtu asichokitazama. Hawezi kuliweka jani mahali pake bila kulifuata kwa jicho kutoka shinani. Na Grant, aliyekuwa pia na wajibu wa mimea, alikuwa na sababu mbili za kulifuata jani. Mimea aliyoikusanya ilikuja kuchapishwa na Jumuiya ya Linnean ya London katika miaka ya 1870, kwa msaada wa mtaalamu Daniel Oliver, na Grant alihakikisha kwamba hayabaki majina ya Kilatini peke yake. Aliandika na majina ya wenyeji na matumizi yao: huu huliwa, huu hufumwa, huu ni dawa. Huyo ni mtu aliyeuliza maswali na kungoja majibu.

Mwaka 2016 mpwa wangu aliyekuwa masomoni Edinburgh aliniletea nakala za baadhi ya picha hizo, ambazo asili zake zinatunzwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Niliziweka mezani nikazitazama kwa miwani na bila miwani. Kilichonishangaza kwanza ni udogo wa sauti yake. Rangi ni nyepesi. Mahali pengine karatasi imeachwa hivyo hivyo, mchoraji hakuona haja ya kuijaza. Hakuna anga la dhoruba, hakuna simba anayeruka. Kuna mtu aliyesimama amevaa vazi lake, na vazi limechorwa jinsi linavyofungwa. Kuna nyumba, na unaona namna nyasi zilivyoezekwa. Kuna mti, na si mti tu, ni aina fulani ya mti, mkulima anaweza kukuambia ni upi. Mkono wake si mkono wa fundi mkubwa. Miguu ya watu humsumbua, na umbali wa vilima wakati mwingine humponyoka. Lakini ni mkono usiosema uongo kwa makusudi.

Ilinibidi nijiulize: kama hizi ndizo picha za Grant, zile nilizozizoea mimi zilitoka wapi?

Jibu liko London. Kitabu cha Speke kilitoka mwaka 1863, na ukurasa wake wa mbele unatangaza kwamba picha nyingi zimetokana na michoro ya Kapteni Grant. Neno la kuangaliwa ni "zimetokana". Wakati ule rangi za maji hazikuweza kuchapwa kitabuni kama zilivyo. Mchoro ulipaswa kuchorwa upya kwa wino mweusi juu ya kipande cha mti mgumu, kisha mchongaji akaukata kwa patasi nyembamba, ndipo ukachapwa. Kazi ya kuchora upya alipewa Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyefanya kazi London na kusifika kwa picha za wanyama. Alikuwa fundi hodari. Lakini hakuwa msafarani, na alikuwa na desturi zake alizofundishwa. Mtu aliyeinama kwa Grant huwa amenyooka kwa Zwecker, mwenye kifua kama cha sanamu ya Kigiriki. Watu watano wenye sura tano wakawa watu watano wenye sura moja. Nafasi tupu ikajazwa, mikono ikainuliwa, na mahali pa utulivu pakawekwa tukio. Picha ilipata nguvu ikapoteza watu wake.

Simlaumu Zwecker peke yake. Mchapaji alitaka kitabu kiuzwe, na msomaji wa London alitaka Afrika aliyokwisha kuifikiria. Lakini tunaposoma kwamba picha ni za Grant, tukumbuke kwamba ushahidi umepita mikononi mwa shahidi wa pili na wa tatu kabla haujafika kwetu. Katika mahakama yoyote hakimu angeuliza.

Niruhusu sasa nieleze nilivyokuwa shahidi wa nne.

Mwaka 1979 nilikuwa nikifundisha darasa la sita katika shule moja upande wa Matombo. Vitabu vilikuwa haba. Nilikuwa na kitabu cha zamani cha historia, na ndani yake kulikuwa na picha ya msafara. Haikuwa ya Grant, ilikuwa ya kuchongwa, ya ukoo wa zile za kitabu cha Speke: Wazungu wawili mbele, bendera, mstari wa wapagazi wenye mizigo kichwani, na nyuma yao milima iliyochongoka kama meno. Niliichora ubaoni kwa chaki kadiri ya uwezo wangu. Nikawaambia watoto kwamba hivi ndivyo Speke na Grant walivyopita sehemu za kwetu mwaka 1860, nikawaamuru wainakili katika madaftari yao kwa alama kumi.

Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha alileta kazi tofauti. Wazungu wake walikuwa wadogo, wako pembeni. Wapagazi walikuwa wakubwa, kila mmoja na uso wake. Mmoja ana meno yaliyotoka, mmoja ni mzee, mmoja ameweka kata ya nguo kichwani chini ya mzigo, jambo ambalo mchongaji wa kitabu hakulijua lakini kila mtoto wa mlimani analijua. Na milima yake haikuchongoka. Ilikuwa mgongo mrefu wenye mabega, mmoja nyuma ya mwingine, jinsi ilivyoonekana dirishani.

Nilimwambia, "Nilisema nakili ulichokiona."

Akajibu kwa adabu, akiwa ameinamisha kichwa, "Mwalimu, nilichokiona ndicho hiki."

Nilimpa tatu. Niliandika kwa wino mwekundu kwamba hakufuata maagizo. Hakuwahi tena kunichorea kitu chochote mpaka alipomaliza darasa la saba. Ramani alichora kwa kupitisha kalamu juu ya karatasi ya mafuta, kama wote.

Watetezi wa mwalimu watasema kwamba nilifuata utaratibu, na kwamba darasa lenye watoto wengi lina haja ya utaratibu. Ni kweli. Hata Zwecker alifuata utaratibu.

Turudi kwa Grant, maana hajaonyesha bado kazi yake iliyo bora. Msafara ulifika Tabora, wakati ule ikiitwa Kaze, mwezi Januari 1861. Mwaka ule ulikuwa wa taabu. Kulikuwa na vita na uhaba wa wapagazi, na Grant alipokuwa peke yake na sehemu ya mizigo alivamiwa na watu wa mtemi Myonga wakamnyang'anya. Mwishoni mwa Novemba 1861 walifika Karagwe kwa mfalme Rumanika, aliyewapokea vizuri. Hapo mguu wa Grant ukashikwa na kidonda kibaya, hakuweza kutembea. Speke, ambaye hakupenda kungoja, alimwacha akaenda Buganda mwezi Januari 1862. Grant alibaki Karagwe mpaka Aprili, alipochukuliwa kwa machila.

Wanahistoria huisimulia miezi hiyo kama bahati mbaya ya Grant. Kwa habari ya utafiti wa Naili ni kweli ilikuwa hivyo. Naye alikosa zaidi: hata baada ya kukutana tena Buganda, Speke alimpeleka Bunyoro kwa njia nyingine, na tarehe 28 Julai 1862 Speke akayaona peke yake maporomoko ambapo mto unatoka ziwani. Mchoraji wa msafara hakukiona kile ambacho msafara ulikwenda kukitafuta. Wengine wangemchukia rafiki kwa jambo kama hilo. Grant alimtetea Speke mpaka mwisho, hata baada ya Speke kufa kwa bunduki yake mwenyewe mwezi Septemba 1864.

Lakini kwa habari ya kuchora, naona miezi ya kidonda ndiyo ilimfanya Grant kuwa Grant. Mtu asiyeweza kutembea hutazama. Huwaona watu wakija na kwenda, huwajua kwa mwendo, huona mama anavyombeba mtoto leo na kesho. Kitabu chake alichokitoa mwaka 1864 alikiita matembezi ya kuvuka Afrika, kwa sababu waziri mkuu Palmerston alipokutana naye alimtania kwamba ametembea mwendo mrefu. Lakini katika jina dogo la kitabu hicho aliongeza kwamba ni mambo ya nyumbani kutoka katika shajara yake ya Naili. Mambo ya nyumbani! Speke alirudi na mto. Grant alirudi na pombe inavyopikwa, nafaka inavyotwangwa, ngoma zinavyochezwa, na mimea inavyoitwa.

Hapa sifa yangu inafika kikomo, kwa sababu uhakiki usiopima pande zote mbili ni tangazo. Grant alikuwa mtu wa dola yake. Mwaka 1868 alikwenda Uhabeshi na jeshi la Jenerali Napier, akiwa ofisa wa upelelezi. Alipata nishani, na alikufa Nairn tarehe 11 Februari 1892, wakati nchi alizozichora zilikuwa zimekwisha kugawanywa na wenye dola. Picha zake hazikuleta ukoloni, lakini zilikaa katika mkoba mmoja na ramani. Tena katika picha zake nyingi za watu kuna hali ya mkusanyaji. Mtu amesimama mbele yako kama tawi lililobanwa katika karatasi ya mimea: huyu ni wa kabila fulani, vazi lake ni hili, mapambo yake ni haya. Mfalme ana jina. Mwanamke wa kawaida ana kabila tu.

Na si kwamba majina hayakujulikana. Mwishoni mwa kitabu cha Speke kuna orodha ndefu ya watu wa msafara, mmoja mmoja kwa jina lake, ikionyesha nani alifukuzwa, nani alitoroka, nani alikufa. Waliofika Cairo walikuwa 18, na wao walipigwa picha. Yaani majina yalijulikana vizuri penye hesabu ya mshahara. Ilipofika kwenye picha za njiani yaliachwa.

Mwaka jana niliamua kumtafuta yule msichana wa dirishani. Nilipata aibu ya kwanza kabla sijaondoka nyumbani: nilikuwa nimelisahau jina lake. Picha yake naikumbuka mpaka lile jino lililotoka, lakini jina limepotea. Nilipofika Matombo nilianza kumwulizia kwa kueleza alikokaa darasani na mwaka aliosoma, mpaka mzee mmoja sokoni akanielekeza. Sasa ni mama mtu mzima, ana wajukuu, analima migomba na viungo kama wengi wa huko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri, mwalimu. Karibu kiti."

Nilimwonyesha nakala za picha za Grant. Alizishika mbali na macho kwa sababu hana miwani. Alizipitia polepole, akasifu majani ya migomba, akasema huyu mtu alijua kutazama. Kisha akasimama kwenye picha moja ya mwanamke.

"Huyu mama ni nani?"

"Ni mtu wa bara, wa upande wa ziwani."

"Jina lake, mwalimu?"

"Mchoraji hakuliandika."

"Alikaa kwao muda gani?"

"Miezi."

Alinirudishia picha. "Basi alilijua," akasema.

Sikuwa na la kuongeza, hasa mimi niliyekuwa nimelipata jina lake nusu saa kabla. Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu tulifundishwa kwamba alama haina budi kutolewa kwa sababu, na sababu iandikwe. Kwa hiyo nimwandikie Grant sababu zake. Kwa ufundi wa mkono ni mtu wa katikati, Roberts humpita kwa mbali. Kwa uaminifu wa jicho anampita Roberts, na Zwecker asiletwe karibu yake. Kwa uvumilivu nampa alama zote. Kwa kuyajua majina na kuyaacha, nakata tatu. Inabaki saba.

Kabla sijaaga nilimwambia yule mama kwamba nimekuja pia kusahihisha kazi yake ya mwaka 1979, kwamba ile tatu nilikosea, na kwamba nataka kuiandika upya kama daftari lipo.

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwalimu, daftari lile bibi alifungia karanga zamani."

Alinisindikiza mpaka njiani. Ilikuwa saa kumi, ukungu umeondoka, na mlima ulikuwa wazi wote, mgongo mrefu na mabega yake, mmoja nyuma ya mwingine, kama alivyouchora.